Jumatatu ya Mama, Alhamisi ya Mwana

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi tu, ambayo waliokuwapo wangali hai na wakikutana njiani husalimiana wakitazama chini, palikuwa na mji mmoja wa reli na asali. Mji ule ulikuwa na maseremala kumi na wanne, waganga watatu, wauza asali wasiohesabika, na mnasihi mmoja. Kisa changu ni cha huyo mnasihi mmoja. Kaeni vizuri, maana mwishoni mimi sitawaambia kitu. Ninyi ndio mtakaoniambia mimi.

Jina lake Kalunde.

Kalunde alizaliwa katika kijiji cha warina asali, akawa na kaka mmoja, Luhende. Luhende alipofika miaka kumi na tisa alikwenda migodini, akasema atarudi msimu wa karanga. Karanga zikang'olewa, zikaliwa, zikapandwa tena. Luhende hakurudi. Hakuleta barua, hakuleta salamu. Mama yao kila jioni alipopakua ugali alipakua na sahani ya Luhende, akaifunika, akaiweka juu ya pipa. Asubuhi Kalunde ndiye aliyekula ule ugali uliopoa kabla ya kwenda shule. Miaka kumi na mmoja alikula chakula cha mtu asiyekuwapo.

Baba alisema, "Mama Luhende, acha sasa." Mama hakujibu.

Majirani walisema, "Mwachie Mungu." Mama hakujibu.

Jioni moja Kalunde hakusema neno. Alikaa chini kando ya mama yake, wakaitazama ile sahani pamoja. Wakakaa, wakakaa. Ndipo mama akasema, "Nilimkaripia asubuhi ile anaondoka. Kwa sababu ya ndoo. Ndoo tu." Akalia mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa. Na tangu hapo, ingawa sahani iliendelea kuwekwa, mama alianza kupata usingizi.

Kalunde akaelewa jambo. Watu wote walikuwa wakimpa mama maneno yao, naye alikuwa akitafuta pa kuyaweka ya kwake.

Alipokua akasomea uuguzi, akapangiwa hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa mbali. Kule aliona watu wanaochomwa sindano wakatulia, na aliona watu wanaotulia bila kupona. Akarudi chuo kusomea saikolojia na unasihi. Mwalimu wake aliitwa Kokushubira, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini mno hata wanafunzi walisogeza viti ili wamsikie. Mwalimu Kokushubira aliwapa mambo matatu.

La kwanza alisema, "Kaa. Mtu akilia usimnyamazishe. Machozi hayana haraka, wewe ndiye mwenye haraka."

La pili alisema, "Neno lililosemwa mbele yako si lako. Ni amana. Mwenyewe akihama, si lako. Mwenyewe akifa, si lako."

La tatu alisema, "Kila mmoja wenu amekuja hapa na njaa ya nyumbani kwao. Ijue njaa yako kwa jina, usije ukailisha kwenye sahani ya mgonjwa."

Kwa hilo la tatu Kalunde aliinamisha kichwa, na Mwalimu Kokushubira akamwona.

Alipohitimu akaja katika ule mji wa reli, akapanga chumba nyuma ya ghala la zamani la asali. Akaweka viti viwili vilivyotazamana upande, si uso kwa uso, ili anayetaka kutazama dirishani atazame. Akaweka mtungi wa maji na bilauri mbili. Hakuweka meza. Watu wakashangaa. "Huyu haagui, hatoi dawa, ushauri wenyewe hatoi. Anafanya nini?" Wengine walikwenda kuona tu. Wakatoka wamefuta macho, wakasema, "Sijui. Anasikiliza."

Sasa, Alhamisi moja alikuja seremala aitwaye Mihayo, mtu wa miaka thelathini na sita, mabega mapana, vumbi la mbao nyusini.

"Nimeletwa," akasema.

"Umeletwa na nani?"

"Mke wangu, Siwema. Yuko nje hapo. Amesema nisipoingia, anakwenda kwao."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kiti chako kinacheza."

Kalunde akakitikisa. "Kweli kinacheza."

Hayo ndiyo mazungumzo ya Alhamisi ya kwanza. Alhamisi ya pili, Mihayo alisema kiti kinacheza. Ya tatu, alisema kiti kinacheza. Kalunde hakumharakisha. Ya nne, Mihayo akaja na gundi na nyundo, akakipindua kiti, akakigonga, akakikaza, na huku amepiga magoti ameupa ukuta uso wake ndipo akasema.

"Siwema akienda sokoni husema, 'Nakuja sasa hivi.' Akisema hivyo mimi mwili unakufa ganzi. Akichelewa kidogo, nafunga mlango kwa komeo. Akirudi agonge, nisifungue. Namsikia analia nje na mtoto mgongoni, na sifungui. Dada Kalunde, mimi si mtu mbaya."

"Na mtoto?"

"Mtoto simshiki. Ana miezi minne. Nikimshika atanizoea." Akagonga tena kiti kilichokwisha kukazwa. "Na mimi nitamzoea."

Alhamisi kwa Alhamisi neno likatoka. Alikuwa na miaka sita. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alimkalisha kwenye gogo nje ya nyumba ya baba mdogo, akamwambia, "Nisubiri hapa, nakuja sasa hivi." Akasubiri siku ya kwanza. Akasubiri siku ya pili. Siku ya tatu baba mdogo alimbeba kwa nguvu, naye alikuwa amejikojolea, kwa kuwa aliogopa kwenda msalani mama akija asimkute.

"Waliniambia alikimbia na mwanamume," Mihayo akasema. "Labda. Mimi mpaka leo nikipita pale huwa natazama. Nyumba imebomoka, gogo limeliwa na mchwa, natazama."

Kalunde akasikiliza.

Miezi miwili baadaye, Jumatatu moja, alikuja mama wa makamo, mvi zimeanza, mguu umevimba kidogo. Jina lake Bi Wande. Alikuwa mgeni mjini, amepanga chumba kimoja upande wa stesheni. Nesi wa zahanati ndiye aliyemtuma, kwa maana moyo wake ulikuwa umetanuka na dawa alizimeza, lakini siku alipoulizwa ana watoto wangapi alilia mpaka foleni ikasimama.

"Nilishindwa kuhesabu, mwanangu," akamwambia Kalunde. "Ninaye mmoja. Sijui kama uliyemwacha unaruhusiwa kumhesabu."

Naye Jumatatu kwa Jumatatu neno likatoka. Aliolewa mdogo, akafiwa na mume akiwa na miaka ishirini na mitatu. Ukoo ukasema arithiwe na shemeji yake, mtu wa fimbo, ambaye mke wake wa kwanza alikuwa na jino moja tu mbele. Bi Wande akatoroka. Kukimbia na mtoto asingeweza, wangemfuata na kumnyang'anya njiani. Alimwacha kwa shemeji mdogo, aliyekuwa mpole. Akadhamiria kumfuata baada ya wiki akipata pa kulala.

"Wiki ikawa mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Nilirudi mara moja, wakanifukuza kwa mawe, hata uso wake sikuuona. Baada ya hapo nikaona aibu. Aibu ina miguu, mwanangu. Nikipiga hatua moja kurudi, yenyewe imeshatangulia mbele inanisubiri."

"Ulimwambia nini siku ile?"

"Nilimwambia anisubiri."

Kalunde akalikumbuka lile gogo la Mihayo. Lakini akajiambia, ni akina mama wangapi wamelisema neno hilo? Akaendelea kusikiliza.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Mihayo alikuja amechangamka. Akasema, "Dada, nina mteja mmoja, kituko. Mama mmoja anaishi peke yake, chumba kimoja. Amenunua kigoda kwangu, akarudi akanunua cha pili, cha tatu, na juzi cha nne. Nikamwuliza, 'Mama, una wageni wangapi?' Akacheka, halafu akainama kwenye mkoba akatafuta, akatafuta, mpaka nikadhani kapoteza kitu."

Kalunde akacheka naye.

Jumatatu iliyofuata Bi Wande akasema, "Nimempata. Ndiyo sababu nilihamia mji huu. Ni seremala. Nimekwenda mara nne, kila nikienda nanunua kigoda, maana nisiponunua nitasimama pale kwa sababu gani? Ananiambia, 'Karibu tena, mama.' Najua, kila mteja mwanamke anamwita mama. Na mimi nyote nawaita mwanangu, wewe, nesi, muuza nyanya. Yeye peke yake ndiye siwezi. Ulimi unakataa."

Kalunde hakucheka.

"Mbona uso umebadilika, mwanangu?"

"Nimeguswa na ulichosema."

Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

"Usimwambie mtu," Bi Wande akasema, akamshika mkono. "Nitamwambia mwenyewe siku moyo ukikubali. Niahidi."

"Maneno yako hayatoki humu, Bi Wande."

Tazameni basi. Jumatatu mama analia kwenye kile kiti, anamtamani mwana. Alhamisi mwana analia kwenye kiti kile kile, anamtamani mama. Kati yao kuna siku mbili na mtu mmoja.

Kalunde akapanda treni akaenda kwa Mwalimu Kokushubira, ambaye sasa alikuwa amestaafu, lakini bado ndiye aliyekuwa akimsimamia kazini. Akamweleza bila kutaja majina.

Mwalimu akasema, "Mwache mmoja. Mpeleke kwa mnasihi mwingine. Huwezi kukalia mikeka miwili."

"Mnasihi mwingine yuko safari ya siku nzima. Na huyo mwana nimwambieje? Na mimi nimkalishe nimwambie nakuja?"

"Basi mwache mama."

"Alishafukuzwa kwa mawe, Mwalimu. Na mimi nimfukuze?"

"Basi kaa nao wote na unyamaze. Mlango ule una mwenyewe. Ukiufungua wewe, mwana atamkuta mlangoni mtu asiye mama yake."

"Moyo wake umetanuka. Hana miaka."

Mwalimu Kokushubira akasogea karibu. "Kalunde, nikuulize. Unataka kumpa nani mtu wake aliyepotea? Hawa, au mama yako?"

Kalunde akainuka, akaaga. Akarudi na treni ya jioni, na njia nzima hakujua kama anachokitaka ni chao au ni chake.

Akanyamaza. Lakini katika kunyamaza alifanya kazi, tena kazi kubwa. Alhamisi alimwuliza Mihayo, "Angefika leo, ungefanyaje?" Mihayo akasema, "Ningefunga mlango." Mwezi ukapita, akamwuliza tena. Akasema, "Ningefungua, nisimkaribishe." Mwezi mwingine ukapita. Akasema, "Ningemwuliza kitu kimoja tu. Unajua kama nilikaa pale siku tatu?" Na nyumbani komeo likaanza kukaa wazi, na siku moja Siwema aliingia akamkuta mumewe amembeba mtoto, Holo, anamwonyesha randa.

Jumatatu alimkalisha Bi Wande mbele ya kiti kitupu. "Mwambie." Bi Wande alikitazama kiti, akatoka amelowa jasho bila kutamka. Mara ya pili alitamka jina. Mara ya tatu alisema, "Mwanangu." Akasema, "Jumapili hii nakwenda." Jumapili mvua ikanyesha. Akasema, "Jumapili ijayo." Ijayo mguu ukavimba. Akasema, "Ngoja fundi amalize gauni langu, nisiende kama ombaomba." Kalunde aliuma ulimi, akasema, "Unaonaje ukienda bila gauni?" Bi Wande akatabasamu. "Miaka thelathini, mwanangu. Wiki mbili ni nini?"

Hapo katikati Siwema naye aliingia. Mihayo alimtuma apeleke kigoda cha sita kwa yule mteja wa stesheni, mtoto mgongoni. Bi Wande alipofungua mlango, Siwema aliona masikio yake: madogo, yamebana kichwani. Alikuwa akiyaona kila siku kwa mumewe. Alikuwa akiyaosha kila siku kwa mtoto.

"Mama," akauliza, "wewe ni nani wetu?"

Bi Wande akapiga magoti hapo hapo mlangoni. "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Nakuomba, mkwe wangu."

Siwema akaingia, akafungua mbeleko, akamweka Holo mapajani pa bibi yake. Tangu siku hiyo kila Jumatano alimwambia mumewe kuwa anampeleka mtoto kliniki, na Jumatano hizo Bi Wande alimnywesha mjukuu uji, akamkata kucha, akamchezesha. Siwema alitaka kumwambia mumewe. Lakini ndiyo kwanza komeo limefunguka, ndiyo kwanza anamshika mtoto. Akajiambia: nikimwambia leo, akakasirika, atafunga tena. Ngoja apate nguvu. Akanyamaza.

Jumamosi moja asubuhi mwenye nyumba aligonga kwa Bi Wande, hakuitikiwa. Wakaingia. Alikuwa amelala ubavu, ametulia, gauni jipya limening'inia ukutani na pini za fundi bado zimo. Chumba kizima vigoda. Vigoda saba, sita havijawahi kukaliwa.

Hakuna aliyewajua ndugu zake. Majirani wa stesheni wakachanga, wakamwendea seremala aliyekuwa akimuuzia. Mihayo akasema, "Mama wa vigoda? Jamani!" Akaacha kabati la harusi alilokuwa akilipiga msasa. Akachagua mninga, mbao alizokuwa amejiwekea mwenyewe, akakata, akapiga randa, akatengeneza jeneza. Walipotaka kumpa pesa akakataa. "Huyu alikuwa hana mtu. Acheni niwe mtu wake."

Siwema alikuwa amesimama karakana ile, amemshika mtoto. Alisikia.

Jumapili alasiri wakamzika. Kalunde alikuja, akasimama nyuma. Siwema alikuja, akasimama pembeni. Mihayo alikuwa mmoja wa waliobeba. Jeneza liliposhuka katekista akatazama watu, akauliza kama ilivyo desturi, "Ndugu wa marehemu yupo, aweke udongo wa kwanza?"

Watu wakatazamana.

Kalunde akamtazama Siwema. Siwema akamtazama Kalunde. Hapo ndipo kila mmoja alipojua kuwa mwenzake anajua. Na kila mmoja alingoja mwenzake aseme.

"Hayupo ndugu?" katekista akarudia.

Mwenye nyumba akasogea, akachota udongo, akatupa. Mihayo akashika koleo kama mtu baki, akasaidia kufukia.

Walipofika nyumbani, jua bado liko juu, Siwema alimweka mtoto chini akamwambia mumewe yote. Mihayo hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni, akakaa kizingitini, akakaa mpaka giza likaingia, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Jumatatu saa nne, saa ya mama yake, alikwenda kwa Kalunde, akakaa kwenye kile kiti alichokikaza mwenyewe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kigoda cha nne. Alikuwa akija hapa kila Jumatatu, na mwalimu wangu nilipomwendea alisema ninyamaze."

Mihayo akatikisa kichwa. "Alhamisi nataka mkae hapa nyote mliojua. Na huyo mwalimu wako aje."

Alhamisi wakakaa wanne katika chumba chenye viti viwili. Mwalimu Kokushubira na Mihayo kwenye viti, Siwema na Kalunde chini mkekani. Mihayo akasema, "Kila mmoja aseme, nisikie."

Siwema akasema, "Baba Holo, nilinyamaza, nakiri. Lakini ni mimi niliyempa mjukuu wake mikononi. Isingekuwa mimi, angekufa bila kumgusa mtu wa damu yake. Na nilinyamaza kwa ajili yako. Uliponifungia nje na mtoto mvua inanyesha, nani alikuwa nje? Ni mimi. Niliogopa kurudi nje. Aliyeogopa kurudi nje ana kosa gani?"

Mwalimu Kokushubira akasema, "Mimi ndiye niliyesema anyamaze. Ukilaumu, nilaumu mimi. Lakini ukiniuliza tena kesho nitasema vilevile. Mama yako hakuwa amemwambia mtu kwa miaka thelathini. Aliposema, alisema kwa sababu aliahidiwa. Ahadi ile ingevunjwa, angepanda treni akapotea tena, nawe usingepata hata jeneza la kumtengenezea. Na atakayekuja kwenye kiti hiki baada yako, akijua mnasihi hutoa amana akiona huruma, atafungua mdomo?"

Kalunde akainua uso. Kisha akasema, "Niliambiwa nimwache mmoja wenu, sikumwacha. Nilidhani nawaandaa mkutane. Labda niliwapa mahali pa kuridhika kungoja: yeye alisema nami badala ya kusema nawe, na wewe ulilia kwangu badala ya kwenda kutafuta. Lakini mlipoingia mlango huu hamkuwa mkiweza hata kutaja neno. Mwishoni yeye aliweza kukiambia kiti kitupu 'mwanangu', kama vile ni wewe, nawe uliweza kusema utafungua. Nilihitaji Jumapili moja tu. Hilo la kaburini silitetei. Pale ahadi ilikuwa kwa maiti, na wewe ulikuwa hai mbele yangu, na nilinyamaza."

Mihayo akauliza, "Alijua kuwa nilisema nitamfungia mlango?"

"Sikumwambia. Hata neno lako sikulitoa."

"Na alijua kuwa mwishoni nilisema nitafungua?"

"Hilo pia sikulitoa."

Mihayo akatazama dirishani. Akasema polepole, "Na mimi mwenyewe je? Kigoda cha tano nilimkatia mbao nzuri kuliko za wateja wote. Sikujiuliza kwa nini. Siku akichelewa kuja nilikuwa natazama barabara. Nilikuwa na swali mdomoni, 'Mama, kwenu wapi?' Watu wote nawauliza kwenu wapi. Yeye sikumwuliza hata mara moja."

Nje treni ya mizigo ikapita, mtungi ukatetemeka.

Kisha Mihayo akageuka kwa Kalunde. "Sitaki mtu aniombe radhi. Nataka kitu kimoja. Mama yangu alikaa hapa Jumatatu ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Una Jumatatu ishirini na saba za mama yangu kifuani mwako. Mimi sauti yake ninayo maneno mawili tu, 'nisubiri hapa' na 'hiki bei gani'. Nipe. Nipe alichosema juu yangu. Nipe alichosema kwenye kile kiti kitupu."

Mwalimu Kokushubira akasema, "Kalunde. Mwenyewe akifa, si lako."

Siwema akasema, "Mpe, dada. Mpe, kwa Mungu mpe."

Kalunde akamtazama Mihayo. Akavuta pumzi, midomo ikafunguka.

Hapo ndipo aliyenihadithia alipoishia, nami siwezi kuongeza. Mihayo angali anatengeneza viti, Kalunde angali ana chumba chake. Kilichosemwa au kisichosemwa, hawasemi.

Basi ni zamu yenu. Yuko aliyeondoka akasema asubiriwe, akarudi akaogopa mlango. Yuko aliyenyamaza kwa ahadi, hata kaburini. Yuko aliyenyamaza ili nyumba yake isifungwe. Yuko aliyeagiza kimya na asiyejutia. Yuko mwana mwenyewe, ambaye mkono ulijua na mdomo ukakataa kuuliza. Je, kati ya hawa watano, nani aliyemnyima Mihayo mama yake? Na zile Jumatatu ishirini na saba ni mali ya nani: ya aliyezisema, ya aliyezisikia, au ya aliyezikosa?